SOMO: MOSHI NDANI YA NDEGE, NA HAKI YA MFANYAKAZI KUSEMA



Somo letu la safari hii linawahusu wote wanaofanya kazi ndani ya ndege na kando ya ndege: wahudumu wa abiria, marubani, mafundi, wasafishaji na wapakia mizigo. Hata wewe dereva wa basi au mfanyakazi wa kiwandani, lisome pia, maana mambo yaliyomo hayapo angani tu. Lisomwe kwa pamoja katika kikundi, mtu mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mwisho yapo maswali ya mazungumzo.

Nianze na lililonipata mimi mwenyewe.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha ndege uwanjani. Usiku mmoja nilikuwa nasugua choo cha nyuma cha ndege iliyokuwa iondoke alfajiri. Nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Haikuwa kali, lakini haikuwa harufu ya sabuni wala ya choo. Nikamwendea msimamizi wangu nikamwambia. Akanijibu, "Wewe umeajiriwa kwa fagio, hukuajiriwa kwa pua."

Nikanyamaza. Lakini roho haikutulia. Walipofika wahudumu wa safari ile, nikamweleza dada mmoja mtu mzima. Hakunicheka. Aliingia chooni, akavuta pumzi mara mbili, akaenda moja kwa moja kwa kapteni. Fundi akaitwa, akafungua ubao wa chini ya beseni la kunawia, na pale tukaona waya wa kifaa cha kupashia maji moto ganda lake limeungua na kuwa jeusi. Ndege ilichelewa saa mbili.

Kesho yake nilipewa barua ya onyo kwa "kuvuka ngazi" na nikakatwa mshahara wa siku mbili. Katibu wa tawi la chama ndiye aliyenisimamia mpaka barua ile ikafutwa na fedha zangu zikarudi. Siku hiyo nikachukua kadi ya chama, na sijaiacha hadi leo.

Nimelileta jambo hili mbele kwa sababu ndilo somo lenyewe. Moshi katika ndege huanza kuonwa na mtu aliye karibu nao, na mara nyingi mtu huyo si mkubwa wa kazi. Yafuatayo ni matukio matatu ya kweli. Tuyatazame, kisha tuseme sisi tufanye nini.

1. KWA NINI MOSHI WA NDEGE SI KAMA MOSHI WA NYUMBANI

Nyumbani moshi ukizidi unatoka nje. Angani hakuna nje. Ndege ni bomba lililofungwa, limejaa watu, na ardhi iko mbali. Viti, mazulia, kuta na ganda la nyaya vikiungua hutoa hewa za sumu. Moja ni ile hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Nyingine ni sianidi, itokayo katika plastiki na sponji. Mtu akizivuta dakika chache tu akili huchanganyikiwa na miguu hulegea. Ndiyo sababu wengi wanaokufa katika moto wa ndege hawafi kwa kuungua. Hufa kwa kuvuta moshi, wengine wakiwa bado wamekaa katika viti vyao.

Tena moto wa ndege hupenda kujificha. Unaweza kuwa nyuma ya ukuta wa choo, juu ya dari au chini katika sehemu ya mizigo. Unaona moshi, huoni moto. Mwaka 1998 ndege ya Swissair namba 111, iliyotoka New York kwenda Geneva, ilipata harufu kidogo katika chumba cha marubani. Kwanza ilidhaniwa ni mitambo ya kupooza hewa. Kumbe nyaya juu ya dari zilikuwa zimetoa cheche, na vitambaa vya kuzuia joto vilivyopangwa mle vilikuwa vinashika moto kwa urahisi. Tangu harufu ya kwanza mpaka ndege kuanguka baharini karibu na Halifax, Kanada, zilipita kama dakika 20. Watu wote 229 walikufa.

Basi tukumbuke kipimo hiki: kama dakika 20, na pengine pungufu. Dakika moja inayopotea kwa kusitasita, au kwa kuogopa kumsumbua mkubwa, ni dakika kubwa sana.

2. RIYADH, 1980: MILANGO ISIYOFUNGULIWA

Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia namba 163 iliruka kutoka Riyadh kwenda Jeddah, saa 3 na dakika 8 usiku. Ilikuwa na watu 301. Haikumaliza hata dakika saba hewani, taa ya onyo ikawaka katika chumba cha marubani: moshi katika sehemu ya mizigo ya nyuma.

Marubani walitumia zaidi ya dakika nne kutafuta kama onyo lile ni la kweli. Mhandisi wa ndege alikwenda nyuma kutazama, akarudi na habari kwamba moshi upo. Ndipo wakageuza. Wahudumu wakapigana na moto kwa vizima-moto na kujaribu kuwatuliza abiria waliokuwa wakisongamana kwenye vijia kukimbia moshi.

Ndege ilitua salama. Tulisome neno hili mara mbili: ilitua salama, katika uwanja wake, magari ya zimamoto yakiwepo. Lakini haikusimama hapo hapo barabarani. Iliendelea kukimbia mpaka mwisho, ikakata kona, ikasimama baada ya dakika 2 na sekunde 40. Kisha injini zikaendelea kunguruma zaidi ya dakika tatu nyingine. Injini zikiwa zinanguruma, watu wa nje hawawezi kusogea na milango haiwezi kutumika. Zilipozimwa, hakuna mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Waliokuwa nje walichukua kama dakika 23 tangu injini kuzimwa mpaka kufungua mlango mmoja. Wote 301 walikuwa wamekufa.

Kinasa sauti cha ndege kilionyesha nini? Kilionyesha kwamba wahudumu waliuliza zaidi ya mara moja kama wawatoe abiria mara ndege itakaposimama. Hawakupata jibu la wazi, na karibu na kutua amri ikawa wasiwatoe. Wahudumu walifanya kazi yao ya kupigana na moto, na waliuliza swali lililo sawa. Walichokosa ni kibali cha kutenda wenyewe pale walipokuwa wanaona mauti mbele yao.

Sisi hatusomi habari hii ili tuwalaumu marehemu. Marubani nao walikufa mle mle. Tunaisoma ili tuone kwamba ukubwa wa kazi ukiwa wa mtu mmoja tu, na wengine wote wanangoja, basi mtu huyo akikosea hakuna wa kumrudisha.

3. CINCINNATI, 1983: HABARI ILIYOPOTEA NJIANI

Tarehe 2 Juni 1983 ndege ya Air Canada namba 797 ilitoka Dallas, Marekani, kwenda Toronto. Ndani walikuwa abiria 41 na wafanyakazi watano.

Saa 12 na dakika 51 jioni, swichi tatu za kukata umeme zilifyatuka katika chumba cha marubani. Zilikuwa za mota ya kusukumia maji katika choo cha nyuma. Kapteni akajaribu kuzirudisha, zikakataa. Akangoja kama dakika nane, akajaribu tena, zikakataa. Walidhani mota imekwama tu.

Kwenye saa 1, abiria wa kiti cha nyuma akasikia harufu ngeni. Mhudumu akafungua mlango wa choo, akakuta moshi wa kijivu umejaa tangu sakafu hadi dari. Mwenzake, mkuu wa wahudumu, akaja na kizima-moto. Hakuona ndimi za moto. Aliona moshi mweusi ukitokea katika viungo vya ukuta. Akapuliza dawa, akafunga mlango.

Hapa ndipo tuwe macho. Kapteni aliambiwa kuna moto chooni. Rubani msaidizi akaenda nyuma, moshi ukamrudisha, akaja kuchukua miwani ya kuzuia moshi. Wakati huo huo kapteni akapata habari nyingine kwamba moshi unaelekea kupungua. Rubani msaidizi aliporudi nyuma mara ya pili, akaushika mlango wa choo, akaona ni wa moto. Hakuufungua. Akarudi akamwambia kapteni kwamba afadhali washuke. Mara umeme wa ndege ukaanza kufa. Saa 1 na dakika 8 wakaomba msaada wa hatari. Saa 1 na dakika 20 wakatua uwanja wa Cincinnati.

Katika dakika zile wahudumu walifanya mambo yanayostahili kufundishwa popote. Waliwahamisha abiria wote kutoka nyuma na kuwakalisha mbele. Waliwagawia vitambaa vilivyolowa maji ili wapumulie humo. Waliwachagua baadhi ya abiria na kuwaonyesha namna ya kufungua madirisha ya kutokea juu ya mabawa. Ndege iliposimama, milango na madirisha vikafunguliwa, watu wakaanza kutoka katika giza la moshi.

Kisha katika muda wa sekunde 60 hadi 90 tangu kufunguliwa, hewa safi ilikutana na hewa ya moto iliyokuwa imejikusanya darini, na ndege yote ndani ikalipuka moto. Abiria 18 na wafanyakazi wote watano walikuwa wametoka. Abiria 23 walibaki.

Wachunguzi wa Marekani walisema chanzo cha moto hakikujulikana. Lakini walisema pia kwamba ukali wake ulidharauliwa, na kwamba habari zilizomfikia kapteni juu ya mwendo wa moto zilikuwa zinapingana. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapa kuna jambo la chama. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1984, nayo iliwatia marubani katika lawama ya kukawia kuamua. Chama cha marubani kiliomba ripoti ipitiwe upya. Mwaka 1986 ikatoka ya pili, na maneno yakabadilika: badala ya kusema wamekawia, ikasema juu ya muda uliotumika kupima moto ni wa namna gani. Mtu anaweza kusema haya ni maneno tu. Sivyo. Neno moja humfanya mfanyakazi kuwa mkosaji. Jingine huelekeza macho kwenye mafunzo na vifaa alivyopewa au asivyopewa.

Damu ile ilileta sheria. Mwaka 1984 na 1985 Marekani iliagiza vyoo vya ndege viwekwe vitambua-moshi, ndoo za taka za vyooni ziwe na kizima-moto kinachojifyatua chenyewe, viti vifunikwe kitambaa kisichoshika moto haraka, na taa ziwekwe karibu na sakafu kuonyesha njia ya kutokea. Ukipanda ndege leo ukaona taa zile chini, jua ziliwekwa kwa sababu ya watu walioshindwa kuona njia.

4. KAZI YA KILA MMOJA MOSHI UNAPOTOKEA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kila kampuni ina kitabu chake cha maagizo, na kitabu hicho ndicho cha kufuata. Lakini mpango wa msingi ni mmoja karibu kila mahali, nao ni wa watu watatu.

Wa kwanza ni mpiganaji. Ndiye aliyeuona moshi. Huchukua kizima-moto kilicho karibu na huvaa kofia ya kupumulia, ile inayofunika kichwa chote na kumpa hewa kwa muda wa kama dakika 15. Hatafuti ruhusa ya mtu. Akiwa mbele ya mlango uliofungwa, huugusa kwanza kwa upande wa nje wa kiganja. Ukiwa wa moto haufungui wazi. Huupasua kidogo tu, kiasi cha kupitisha dawa, kisha huufunga.

Wa pili ni msemaji. Hushika simu ya ndani na kumwambia kapteni, na haiachi simu ile. Hasemi "kuna moshi kidogo." Husema mambo matano: uko wapi, rangi yake gani, harufu yake ya nini, ni mwingi kiasi gani na unaongezeka au la, na nini kimekwisha fanywa. Asilolijua aseme halijui. Asiseme umepungua kwa sababu tu anatamani upungue. Moshi uliopungua baada ya kupuliza dawa unaweza kuwa umefichwa tu nyuma ya ukuta. Tukumbuke Cincinnati.

Wa tatu ni mletaji. Huleta vizima-moto vingine, huondoa chupa za oksijeni zilizo karibu na moto, huhamisha abiria, hugawa vitambaa vyenye maji na kuwaambia wainame, kwa kuwa hewa iliyo chini ni nafuu. Kitambaa cha maji huzuia masizi na kupoza koo. Hakizuii hewa ya sumu, kwa hiyo kisimpe mtu matumaini ya kukaa.

Abiria wengi hupiga kelele kutaka vile vinyago vya oksijeni vinavyoshuka kutoka darini. Waelezwe kwa upole: vinyago vile huchanganya oksijeni na hewa ya ndani ya ndege, kwa hiyo mtu angevuta moshi ule ule. Viliwekwa kwa ajili ya kukosa hewa juu angani, si kwa moshi. Vya marubani ni vingine, hutoa oksijeni tupu, na rubani huvaa chake kwanza kabla ya jambo lolote, kisha huelekeza ndege uwanja ulio karibu huku akifuata orodha yake ya hatua.

Siku hizi umeongezeka moto wa betri za lithiamu, zilizomo katika simu, kompyuta ndogo na zile betri za kuchajia simu. Betri ikianza kutoa moshi, dawa ya kizima-moto huua ndimi za moto, lakini joto hubaki ndani na huwasha tena. Hivyo baada ya dawa humwagwa maji, au kinywaji kingine kisicho na pombe, mengi, mpaka ipoe. Barafu haifai, wala kuifunika kwa blanketi, kwa kuwa hutunza joto. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zimekatazwa katika ndege za abiria dunia nzima. Ndugu wapakia mizigo, hapo ninyi ndio walinzi. Sanduku lisilo na alama lakini lina uzito na mlio wa betri, lisemeni kabla halijaingia.

Liko jambo moja zaidi. Baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, mlango wa chumba cha marubani umeimarishwa na hufungwa safari nzima. Mwaka 1983 rubani msaidizi aliweza kutoka akaenda kuushika mlango wa choo kwa mkono wake. Leo hatoki. Jicho, pua na mkono wa kapteni ni mhudumu. Mwenye kampuni anayemwona mhudumu kuwa ni mtu wa kugawa chai tu hajui kazi yake mwenyewe.

5. HARUFU ISIYO NA MOSHI

Si kila hewa mbaya hutoka katika moto. Katika ndege nyingi hewa ya kupumua huchukuliwa kutoka katika injini, ikapozwa, ikaletwa ndani. Muhuri wa injini ukivuja, mafuta ya kulainisha hupenya katika hewa hiyo. Wahudumu husema hunuka kama soksi chafu au mafuta yaliyoungua. Mafuta hayo yana dawa zinazoweza kudhuru mishipa ya fahamu. Wafanyakazi wamelalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu, kikohozi na kusahau-sahau. Wataalamu bado wanabishana juu ya madhara ya muda mrefu, lakini kwamba mafuta huvuja hakuna anayebisha. Ndege ya Boeing 787 ilitengenezwa isichukue hewa ya abiria kutoka katika injini.

Huko Australia mhudumu mmoja, akiwa mjamzito, alivuta moshi wa namna hiyo mwaka 1992 ndege ikishuka Brisbane. Kikohozi hakikumwacha. Alishitaki kampuni, kesi ikaenda miaka mingi, na mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilikataa rufaa ya kampuni. Alishinda kwa sababu aliweza kuonyesha tarehe, ndege, na daktari.

Kwa hiyo ukisikia harufu hiyo, mwambie kapteni mara moja, kwa kuwa na yeye huenda anaivuta na hajui. Marubani wavae vinyago vyao. Mkishatua, andika siku hiyo hiyo: tarehe, namba ya safari, harufu ilianza wakati gani, nani waliumwa. Nenda hospitali kabla hujalala, na uombe cheti. Baki na nakala. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mfanyakazi asiye na karatasi huambiwa alikuwa na mafua.

6. TOKYO, 2024: WALIOTOKA WOTE

Nimesema habari nyingi za vifo. Ya tatu ni ya uhai.

Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines namba 516 ilikuwa inatua uwanja wa Haneda, Tokyo, ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa katika barabara ile ile. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Ndege kubwa ikateleza ikiwaka moto, ikiwa na watu 379. Moshi ukajaa ndani. Simu ya ndani ikafa. Milango ilikuwa minane, lakini mitano haikufaa kwa sababu ya moto na hatari nje.

Wahudumu walikuwa tisa. Walitumia vipaza sauti vya mkononi na sauti zao wenyewe. Waliwaambia abiria waache mizigo. Kila mmoja alitazama nje kupitia dirisha kabla ya kugusa mlango wake. Mhudumu wa nyuma hakuweza kuwasiliana na kapteni. Akaona upande wake ni salama, akafungua mlango kwa uamuzi wake mwenyewe, kama alivyofundishwa. Watu wote 379 wakatoka hai kwa milango mitatu. Kapteni akatoka wa mwisho, kama dakika 18 baada ya kutua.

Liweke tukio hili kando ya lile la Riyadh. Kule ndege ilitua nzima, na wahudumu wakangoja neno. Huku ndege ilikuwa inaungua, na mhudumu hakungoja. Hakuvunja nidhamu. Kampuni ilikuwa imempa mamlaka hayo katika mafunzo, na akayazoea kwa mazoezi mpaka mkono ukajua. Nidhamu ya kazi si kunyamaza.

7. TUDAI NINI KATIKA MKATABA

Shirika la Kazi la Dunia, katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, linasema mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe. Na mwaka 2022 shirika hilo liliweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi. Lakini angani huwezi kujiondoa. Unachoweza ni kusema na kutenda. Kwa hiyo matawi yetu ya viwanja vya ndege yadai haya, kwa maandishi:

(a) Mfanyakazi yeyote, awe rubani au mfagiaji, atakayetoa habari ya moshi au harufu kwa nia njema asiadhibiwe, hata kama fundi hakukuta kitu. Kuchelewa kwa ndege kusiwe kosa la mtoa habari.

(b) Marubani na wahudumu wafundishwe pamoja, si kila kundi chumba chake, na mafunzo yawe ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Mazoezi yawe ya kuvaa kofia ya kupumulia na kushika kizima-moto kwa mikono. Kutazama picha hakutoshi.

(c) Idadi ya wahudumu isipunguzwe. Sheria za nchi nyingi hutaka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Tumeona kwamba kazi ya moshi ni ya watu watatu. Penye wawili, mmoja anabeba kazi mbili, basi penye wawili mafunzo yazidi.

(d) Kabla ya kila safari vizima-moto na kofia vikaguliwe, na mhudumu awe na haki ya kusema "hakipo" na ndege ingoje kiletwe.

(e) Anayevuta hewa mbaya apelekwe kwa daktari kwa gharama ya mwajiri, na apewe nakala ya ripoti yake.

(f) Kamati ya usalama ya uwanja iwe na wasafishaji na wapakia mizigo. Wao ndio wa mwisho kuingia katika vyoo na sehemu za mizigo kabla ya ndege kuruka.

Ndugu zangu, waajiri watasema haya ni gharama. Tuwajibu kwa adabu na kwa hesabu: ndege kuchelewa saa mbili ni gharama inayohesabika.

MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi yako, ni nani huwa wa kwanza kuona hatari? Je, anasikilizwa? Toa mfano uliouona mwenyewe.

2. Kapteni wa ndege iliyotua Cincinnati alipata habari mbili zinazopingana. Jifanyeni wahudumu: mmoja aeleze moshi aliouona kwa mambo matano tuliyoyataja, mwingine awe kapteni. Je, kapteni ameelewa?

3. Kwa nini wahudumu wa Riyadh walingoja amri, na yule wa Tokyo hakungoja? Taja sababu zinazotokana na mafunzo na sababu zinazotokana na woga wa wakubwa.

4. Someni mkataba wenu wa kazi. Kuna kifungu kinachomlinda mtoa habari? Kama hakipo, tungeni cha maneno yasiyozidi thelathini, mkipeleke kwa katibu wa tawi.

5. Dada yule aliyenisikiliza mimi mfagiaji alifanya nini ambacho msimamizi hakukifanya? Wewe ukiambiwa jambo na aliye chini yako, huwa unafanya lipi?

Majibu ya swali la 4 yatumwe kwa mwalimu wa kanda kabla ya mkutano ujao, tuyalinganishe nchi kwa nchi.